Mtu Mmoja, Dakika Kumi

Tulishuka kwenye Fuso ya mahindi watu kumi,
vumbi la Kibaigwa bado kwenye kope,
chungu cha mlenda kimefungwa kwa khanga,
kuku mmoja miguu juu, akiishangaa Kongwa.

Mlinzi Malogo alituhesabu kwa rungu
kama anayehesabu mbuzi wa jirani.
"Mbukwenyi," akasema. "Mbukwa," tukajibu kwa pamoja.
Kisha akatuonyesha kibao cha wino mwekundu,
herufi za mwisho zimekosa nafasi, zimepanda juu ya mstari:
MGONJWA MMOJA, MTU MMOJA, DAKIKA KUMI.
ANAYEKOHOA ASIINGIE.

Baba mdogo Chilewa alicheka.
Kwetu, mtu akija peke yake kitandani kwako
amekuja kudai.

Malogo hakucheka. Alisema wiki iliyopita
alifungua geti kwa sababu ya machozi ya watu,
na Jumatatu watatu kati yao walirudi wamebebwa.
Aliyasema hayo akitazama ndoo ya maji, si sisi.

Wakanichagua mimi, maana sinyonyeshi
na sisahau.
Sechelela: mwambie ndama amesimama.
Chilewa: mwambie bati limezibwa, asiiwaze mvua.
Bibi: mwambie mimi ndiye mkubwa, asithubutu kunitangulia.
Wengine walisema tu, mwambie,
wakaishia hapo.

Nikanawa hadi viwiko kwa maji yetu yenye chumvi.
Muuguzi Atuganile akanivalisha barakoa,
akabana ule waya puani, akanionyesha
mstari wa plasta sakafuni: mwisho wako hapa.

Mama alikuwa kitanda cha sita, hewa ikimjia kwa mpira.
Nikasema. Akanitazama.
Nikasema tena, kwa nguvu. Akanitazama mdomo,
pale palipokuwa mdomo,
kitambaa cha buluu kikivimba na kunywea.

Nilikuwa nimesahau, mimi nisiyesahau.
Miaka ishirini na miwili mashine ya kusaga ilimla masikio.
Watu walimjia na madebe, wakafungua vinywa ndani ya ngurumo,
naye akajua: dona, sembe, nusu debe, nitalipa Ijumaa.
Mama husikia kwa macho.

Mkono wangu ukapanda sikioni, kwenye kamba.
"Hapana," alisema Atuganile, bila ukali.
"Zunguka dirishani."

Nikatoka, nikapita chini ya mashuka yaliyoanikwa,
kati ya ukuta na minyaa,
nikapanda juu ya tofali. Kioo kimefungwa kati yetu.
Nikashusha barakoa, nikaanza polepole,
bila sauti, kama mteja wa mashineni.

Ndama. Bati. Asithubutu.
Kila salamu alikunja kidole,
hata kwenye ule mkono wa dripu.
Ya kumi ikawa yangu, mikono yote miwili ikawa ngumi.

Kisha kidole gumba kimoja kikanyooka,
kikabaki wima, kikiniuliza.

Ndahani. Kitindamimba wake.
Tuliapa ndani ya lori kutolitaja jina hilo.
Nikafikiria uongo; lakini utamdanganya vipi kwa mdomo
mtu aliyekula kwa kusoma midomo?

Anakohoa, nikasema. Amebaki.
Alitupungia akiwa ng'ambo ya barabara.
Hakutaka tumsogelee, asije kukutumia kikohozi kupitia kwetu.

Mama alifumba macho. Kifua kikapanda, kikashuka.
Halafu akakirudisha kile kidole ndani ya ngumi,
taratibu, kama anayefunga hela kwenye pindo la khanga.

Malogo akagonga rungu. Dakika zimekwisha.
Nikavaa, nikanawa tena, maji yakaniwasha vidole.

Getini walisimama wote kwa mpigo.
Amesema nini?
Hata kuku alinyamaza.

Hakusema, nikawaambia.
Ametuhesabu.